Mlango Ulioningoja

Bibi yangu, mzaa mama, hakuwa na hadithi za bure. Alitusimulia alasiri huku akisuka mikeka, nyumbani kwetu katika mji wa bandari wa Mahajanga, na mtu wa hadithini alipofika mahali pa kusalimu, kuomba au kushukuru, bibi alinyamaza. Sisi wajukuu ndio tuliomsemea mtu huyo. Ukikosea, hadithi haisogei. Njiani tulisema Kisakalava, lugha ya mji, tulivyotaka. Mbele ya mkeka wake, lugha ya nyumbani, na adabu kwanza.

Siku moja nilimwigiza mama muuza maziwa, mwenye kigugumizi, mpaka akajitwika kibuyu chake akaenda zake. Bibi hakunigombeza. Alitusimulia tu habari za binti aliyemcheka kikongwe kisimani. Aliporudi kwao akakuta mlango umefungwa, na sauti ya kikongwe yuleyule ikauliza kutoka ndani: nani? Hapo bibi akanitazama mimi. Neno nililijua: niwie radhi. Lakini nilijua pia hadithi ile inanisema mimi, nami, lo, nilikuwa na kichwa kigumu kama kifuu. Nikafunga mdomo.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," bibi alisema. "Mlango utakungoja."

Hakuendelea, nami kwa kiburi sikuuliza. Kabla mwezi haujaisha habari za vita zikafika. Bibi akaenda kisiwani Nosy Be na mama mdogo. Sisi tukavuka ghuba kukimbilia Katsepy. Katika pilikapilika zile nilimbusu bibi mkono, na bado neno lile sikulisema.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikazaa, na kila nilipomkanya mwanangu nilimtamani bibi. Nilipopata safari ya Nosy Be, nililirudia neno lile njia nzima. Nikapiga hodi. Mama mdogo alitoka peke yake, nami nikajua kabla hajasema.

Aliniambia bibi aliwasimulia watoto wa huko hadithi ileile hadi alipofariki, ila kila mara aliishia mlangoni. Wakimbembeleza, aliwaambia mwisho anao mjukuu wake wa Mahajanga, naye atakuja.

Wajukuu wa mama mdogo walikuwa wameshakaa mkekani, wananingoja. Mkubwa wao akauliza kwa upole, "Mama mkubwa, tafadhali, yule binti alifunguliwa?"

Nikaketi mahali pa bibi.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Neno nililijua, lakini sikulisema alipokuwapo wa kunifungulia."