Maneno Sita kwa Guurtje

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu Guurtje alinimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo.

"Moja tu?"

"Tumbo hilo, mzee, karibu litataka mlango wake peke yake."

Tukacheka. Saa sita mchana akaanguka karibu na sinki. Hakuamka.

Watu wa hapa Den Helder, Uholanzi, huniuliza habari za manowari yetu, Matelief. Habari za mke wangu hawaulizi. Mimi si mtu wa kuandika. Basi.

Tulioana mwaka 1938. Mei 1940 manowari iliondoka nami nikiwa ndani, hata kuaga sikuaga. Wajerumani wakaingia mjini. Yeye akabaki huku, mimi kule Uingereza.

Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto wa boila, chini kabisa. Kengele ya hatari ikilia, kifuniko kilikazwa juu yetu kwa nje, ili maji yakiingia yaishie kwetu. Miaka miwili tulisindikiza meli za mizigo, na kila kengele nilitazama kifuniko, si moto. Manowari tuliiita Shangazi, maana ilinung'unika usiku na mchana. Guurtje alilijua jina hilo.

Machi 1942 nyambizi ikatupiga, Shangazi akazama. Chini tulikuwa tisa. Tulitoka wawili, kwa kuwa mtu mmoja huko juu alivunja amri akafungua.

Hospitalini Uingereza nesi akaniletea fomu ya Msalaba Mwekundu ya kumpelekea mke wangu habari. "Unaruhusiwa maneno ishirini na tano, baba. Meli usiitaje."

"Sita yanatosha."

Akaniandikia: Shangazi amefariki. Mimi mzima. Usihame. Nitakuja.

Nilijiona mjanja. Karatasi ilimfikia baada ya miezi minane. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanabomoa mtaa wetu, mizinga yao ipate kuiona bahari. Kila nyumba ilipewa siku ya kuhama. Haya nilisimuliwa baadaye na Trien, jirani yetu.

"Shoga, funga mizigo!" alimwambia.

"Arie kasema nisihame."

"Arie yuko Uingereza anakula viazi vya watu! Anajua nini?"

"Nikihama atanipata wapi?"

"Atakupata chini ya matofali, kichwa ngumu wee!"

Trien akaenda zake. Wakabomoa nyumba ya kushoto. Wakabomoa ya kulia. Maji yakakatwa. Guurtje akapigilia mbao mlangoni kwa ndani, akawa analala jikoni na koti lake. Mimi niliyejua kufungiwa kulivyo, ndiye niliyemfungia.

Nilirudi Juni 1945. Mtaa wetu ulikuwa mchanga mtupu. Nikazunguka pale, sikujua hata jikoni kwetu kulikuwa wapi. Nikajua nimemuua. Mwoka mikate wetu wa zamani akanipitia na baiskeli yake.

"Unamtafuta Guurtje? Yuko kijiji cha Anna Paulowna, kwenye shamba la mjane mmoja. Mzima, mkali vilevile."

Nilitembea hadi huko. Nikamkuta uani anamenya viazi, amekonda, nywele zimeingia mvi. Nikalia. Halafu nikamwambia lile neno langu, usihame, lilikuwa la kipumbavu, ningefurahi angelivunja siku ileile, angehama, ningemtafuta popote.

Akanitazama, kisu mkononi.

"Sikuhama, Arie. Nilibebwa na askari wanne, na kiti nimekishika."