Jiwe la Bwana Kofia

Mvua ikinyesha juu ya mabua ya ngano iliyokatwa juzi, hutoka harufu tamu kama ya mkate uliosahaulika kabatini. Harufu hiyo ikinipata popote, narudi kijijini kwetu, upande wa juu wa Njoro, msimu ule walipokuja kumwondoa Bwana Kofia. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Bwana Kofia alikuwa sanamu ya shaba ya mzungu aliyemiliki mashamba yote ya pale enzi za ukoloni. Alisimama juu ya jiwe kubwa la mraba katika uwanja wa soko, pua imekatika, mkono mmoja ukielekea milima ya Mau. Wakubwa walimpita bila kumwangalia. Mimi nilimwonea huruma. Nilijiambia amepoteza mbwa wake na anauliza wapita njia, wala hakuna anayemjibu, kwa hiyo nikitoka shule nilimwambia, "Bado sijamwona."

Shosho, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na yeye hakuwa na huruma hiyo hata kidogo. Babake alimlimia mzungu yule ngano na kuchapwa viboko mbele ya wanawe. Basi habari zilipofika kwamba sanamu ya mkoloni itaondolewa, nilidhani atafurahi. Aliendelea kuchambua maharagwe. "Miaka yote hii wamempita," alisema. "Leo ndio wameona ni aibu?"

Shaka yake ilikuwa na sababu. Shamba letu lilipakana na uwanja ule, na katikati hapakuwa na ua, ni nyasi tu. Mzungu alipoondoka, wazee walichanga, wakanunua ardhi, wakaigawana kwa kuipima kwa kamba. Kamba ilianzia kwenye kona ya lile jiwe, kwa kuwa pale kijijini hapakuwa na kitu kingine ambacho mtu hangeweza kuamka usiku akakisogeza. Jiwe likiondoka, ni nani angeonyesha shamba letu linaanzia wapi? Na wiki ileile zilipofika habari za sanamu, tajiri mmoja wa mjini, aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga kituo cha petroli, alizunguka uwanja polepole kwa gari, dirisha likiwa wazi nusu. Kesho yake tulikuta vigingi vyenye rangi nyekundu ndani ya nyasi zetu. Shosho alivitazama, akaving'oa, akawasha navyo moto wa chai.

Lori lilipofika Jumamosi asubuhi, Shosho alikuwa amekwisha kukaa juu ya jiwe, ameegemea miguu ya mzungu, beseni la minji, yaani njegere, mapajani, anamenya. Kijana aliyeongoza kazi alisimama akamwangalia.

"Mathe, shuka. Tumekuja kuondoa ukoloni."

"Ondoa, kijana yangu. Sijakukataza."

"Sasa si umeukalia."

"Ukoloni ni huyu wa kofia. Hili ni jiwe."

"Mimi nimeambiwa nibebe vyote viwili."

"Na aliyekuambia ako wapi, tumwulize jiwe limemkosea nini?"

Watu walicheka. Kijana alienda kando kupiga simu, akatupa mgongo. Mama Chebet, jirani yetu muuza maziwa, akapanda na mitungi yake. "Songa hapo, mama, nami niukalie kidogo." Simu ilipokwisha, jiwe lilikuwa limejaa wanawake, na maganda ya minji yametapakaa kama sherehe.

Mwishowe waliamua kumkata mzungu kwenye vifundo vya miguu. Mashine ya kukatia chuma ililia, cheche zikaruka, hewa ikanuka moto. Wanawake walisogea ukingoni, Shosho akafunika minji kwa leso, lakini hakuna aliyeshuka. Walipomfunga Bwana Kofia kamba shingoni na kumlaza kwenye lori, nililia. Shosho hakunigombeza. Alinipa minji kiganjani. "Lia tu," alisema. "Lakini macho yako yawe kwa jiwe."

Tuliambiwa anapelekwa kwenye jumba la makumbusho. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona huko. Wengine husema aliyeyushwa akawa mifereji ya kufungulia maji, na mpaka leo nikifungua mfereji wa shaba huutazama vizuri kwanza.

Viatu vyake viwili vilibaki juu ya jiwe, na mvua ikivijaza, ndege hunywa humo. Kituo cha petroli kilijengwa ng'ambo ya barabara. Shosho tulimzika katika shamba lake, ndani kabisa ya mpaka, nami napanda kabeji na minji hapohapo. Siku hizi wapimaji huja na mitambo inayoongea na setilaiti, na bado wazee huwapeleka kwanza kwenye jiwe.

Mwezi uliopita tulitangaziwa kwamba pale patasimamishwa sanamu ya shujaa wetu wa uhuru. Nilifurahi sana. Nimekwisha kumwota, ni mwanamke, ana jembe begani na anacheka. Lakini kwenye baraza kijana mpole mwenye tai alisema jiwe lile limezeeka, litawekwa lingine zuri zaidi, karibu tu na hapo. Niliinua mkono nikamwuliza, karibu wapi. Akatabasamu. "Dada, hayo ni mambo madogo."

Kazi inaanza Jumamosi. Nimepita shambani jioni hii, na minji imekomaa vizuri. Beseni la Shosho ninalo.