Mkono wa Murielle na Mkorogo wa Mama Orpha

Murielle wa Bukavu alikuwa msusi hasa, siyo hawa wanaokuvuta nywele mpaka machozi yanakutoka. Alisuka katika saloni ya Mama Orpha, Jules Street, pale Malvern, mbali na kwao, na kiti chake ndicho kilichomlisha yeye na wanawe wawili.

Tangu ana miaka kumi, mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, vimejipanga vikizungukazunguka kutoka begani hadi kiwikoni. Haviwashi, haviumi. Mwaka 2017 vikashuka mpaka karibu na kiganja, na blauzi ya mikono mirefu haikuweza tena kuvificha. Wateja wengine waliuliza ni nini. Wengine hawakuuliza, walihamia kwa msusi mwingine tu.

Mama Orpha naye hakuwa na huruma, alikuwa na mkorogo. Yale mafuta ya kujichubua aliyachanganya mwenyewe nyumbani, akayatia kwenye vikopo, akayauza palepale kaunta. Sasa wateja wakiutazama mkono wa Murielle, maji ya kunde wa kuzaliwa, wanatazama na vikopo, wakidhani ndivyo vilivyomchubua. Vikopo vikadoda. Mama Orpha akawaka.

"Kaniletee karatasi ya daktari iseme si mafuta yangu," akamwambia. "Bila hiyo, kiti nampa mwingine."

Murielle akapanga foleni hospitali siku mbili nzima. Daktari wa ngozi akavitazama vidoa kwa kioo cha kukuzia, akamwambia ni vimishipa vya damu vilivyotanuka juujuu ya ngozi. Ni nadra, haviambukizi, havina madhara, na hakuna krimu iliyovileta. Akayaandika yote, akagonga muhuri.

Jumamosi, saloni imejaa, Mama Orpha akaisoma barua kwa sauti. Alipofika pale pasemapo si krimu, akaikunja, yaliyobaki akayameza.

"Mmesikia? Si mafuta yangu. Ni damu yake ndiyo mbovu. Haya, Murielle, kusanya vitana vyako. Siwezi kuweka mgonjwa kwenye vichwa vya watu."

"Malizia kusoma, Mama Orpha! Imeandikwa haviambukizi!"

"Nimesoma panaponihusu."

Aliyekuwa akisukwa na Murielle saa hiyo ni Mwende, Mkenya wa benki, kichwa nusu kimekwisha. Akajivuta mbele kama aliyeguswa na moto. Miaka mitatu Murielle amemsuka dada huyu! Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa. Hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma.

"Barua nimeinunua," akasema. "Mafuta ni yake. Nimepaka miezi mitatu, haya tazameni." Akapandisha blauzi mpaka begani.

Uongo mtupu. Hakuwahi kugusa hata kikopo kimoja. Lakini utamu wake, acha tu!

Wanawake wakainuka. Mmoja akatoa kikopo mkobani, akakibwaga sakafuni kikapasuka. Mama Orpha akafoka kwa Kiswahili, akafoka kwa Kifaransa, hakuna aliyemsikiliza. Murielle akatia vitana kwenye mfuko wa plastiki, akatoka.

Hajafika robot ya kwanza, zile taa za barabarani, akasikia viatu nyuma yake. Ni Mwende, kajifunga kitambaa kichwani.

"Kumbe ni mafuta tu! Si ungesema mapema? Mimi nilidhani utaniambukiza. Kuja unimalizie, kesho niko na harusi."

Wakakaa juu ya kreti mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani. Mwende akafungua kitambaa, akajiegemeza kabisa kwenye magoti ya Murielle, bila wasiwasi wowote. Mkono wenye vidoa ulipita shavuni mwake na hata hakuuangalia.

"Lakini na wewe, Murielle," akasema. "Kujichubua kwa nini? Kwani Mungu alikuumba vibaya? Ni aibu, jameni. Mama mzima na watoto."

Murielle alikuwa na la kujibu. Alikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Nisamehe, dada," akasema, akagawa nywele, akaendelea kusuka.