Kiatu cha Kulia

Baada ya kumzika mume wangu kwao magharibi, ndugu zake walikuja kwetu Makongeni kugawana nguo alizoacha. Suruali ziliisha haraka. Lakini viatu vyake vya kazi, alivyovaa kiwandani bila soksi, hakuna aliyevitaka.

"Hivi tungemzika navyo," alisema shemeji yangu mkubwa, ameziba pua.

Nilicheka. Mjane hatakiwi kucheka, lakini vilinuka hivyo hata mwenyewe akiwa hai, na nilikuwa nikivilaza nje.

Mtoto wetu, hata miaka miwili hajafikisha, alikuwa mapajani mwangu, mwili moto tangu asubuhi. Ghafla akakakamaa. Macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Degedege. Nikajiambia, nitazika tena.

Kila mtu akawa daktari. Mmoja alileta kijiko amtie mdomoni. Mwingine alikemea pepo, kikombe cha chai bado mkononi. Shangazi wa marehemu akapiga kelele, "Kiatu! Anuse kiatu!" Akambandika mtoto puani kiatu cha baba yake. Mtoto akatulia, akalala.

"Haleluya!"

Kwenye kliniki, daktari aliona masikio yana usaha. Homa ndiyo ilileta degedege, alisema, na mara nyingi hutulia yenyewe.

"Kiatu hakikufanya kitu, mama. Akianza tena, mlaze kwa ubavu. Usimshike kwa nguvu, usimtie chochote mdomoni. Ikipita dakika tano, kimbia hospitali."

Nilirudi na habari hiyo nyumbani. Shemeji hakutaka kuisikia. Yeye aliyeziba pua sasa alivitaka vyote viwili, maana ana wajukuu.

"Shemeji, daktari amesema..."

"Daktari alikuwa hapa? Mimi nilikuwa."

Tukagawana. Akaondoka na cha kushoto, amekifunga ndani ya gazeti kama nyama.

Siku hizi mimi na mtoto tunaishi Ruiru. Degedege imerudi mara moja. Nilimlaza mtoto kwa ubavu sakafuni, nikawatoa majirani nje, nikakaa kando yake nikihesabu dakika. Ikapita. Baadaye aliamka akadai uji. Kiatu kilikuwa pale mlangoni na sikukigusa.

Jirani mmoja huniuliza kama marehemu alikuwa na mguu mmoja. Mtoto akilala, mimi hukinusa. Harufu inaisha. Sasa lazima niingize pua yote ndani.