Siku Niliyomtoa Baba Mkwe Uwanjani

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, pale uwanja wa kijiji cha Ruanda, filimbi iko mdomoni na pumzi ya kuipuliza sina. Nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la pili katika shule ya misheni huku Mbozi, mwembamba kama ufito, na kaptula ilinipwaya. Usicheke. Ungekuwa wewe ungekimbia.

Enzi hizo za Mwingereza refa hakuwa na kadi. Hizi za njano na nyekundu mnazoziona leo sisi hatukuzijua. Mchezaji akikosa, refa anamwita, anasimama naye uso kwa uso, anamuuliza jina, analiandika, kisha anamwambia, "Hili ni onyo. Ukirudia, unatoka." Akirudia, au akimfanyia mwenzake ukatili, refa ananyoosha kidole kuelekea nje, basi. Ulikuwa na mdomo wako na kidole chako tu, huna pa kujificha, kwa hiyo ilikubidi ukaze uso.

Wala si mimi niliyepangwa kuchezesha. Alipangwa karani mmoja wa boma, akashikwa na homa asubuhi hiyo hiyo. Mwalimu mwenzangu Loti ndiye aliyenisukuma mbele. "Sheria unazijua, chuoni mlifundishwa. Mimi nitashika kibendera pembeni." Nikakubali kwa majivuno ya ujana, maana mechi yenyewe ilikuwa kubwa: vijana wetu wa Mbozi na timu ya mgodini Saza. Nikapiga kaptula pasi, nikajiona mtu.

Basi lori la Saza likaja na vumbi lake, wachezaji wakaanza kuruka chini mmoja mmoja. Wa mwisho kuruka alikuwa jitu la mabega mapana, amevaa mabuti ya mgodini wakati wengine wengi walikuwa pekupeku. Moyo ulinipasuka paa! Yule alikuwa baba yangu mkwe.

Ngoja nikueleze usipotee. Nilikuwa nimemchumbia Tabita, binti wa Kinamwanga, kwao ni kijiji cha jirani na Tunduma. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wamekwisha kwenda, tulikuwa tunangoja baba yangu auze kahawa yake tumalizie, tufunge ndoa. Nilimpenda binti yule, nakwambia wazi, bila haya; siku nikikosa habari zake ugali haupiti kooni. Sasa yule mtu wa mabuti alikuwa mdogo wake baba yake Tabita. Kwa umri alinizidi kidogo tu, lakini kwetu mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe, hakuna nusu. Nilijua anafanya kazi Saza. Kwamba anacheza beki, hilo hakuna aliyeniambia.

Na mkwe, mwanangu, hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, macho chini. Jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako porini. Mimi mpaka leo silitaji jina la mzee yule, na yeye yuko kaburini. Haya, refa anatakiwa amwite mchezaji, amtazame, amuulize jina. Unaona nilivyoshikwa?

Mechi ikaanza nikimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba baba mkwe acheze kiungwana. Wapi! Sisi tulikuwa na winga wetu anaitwa Simoni, kijana mwepesi wa miguu, akikupita unabaki kuangalia kisogo. Alimpita baba mkwe mara moja, watu wakacheka. Alipotaka kumpita tena, mpira umekwisha kwenda zake, baba mkwe akampiga teke la muundi mpaka kijana akagaragara. Nikapuliza filimbi. Uwanja mzima ukanigeukia, unangoja nimwite mtu wangu.

Nimuulize jina! Mimi, mbele ya watu wote wale, nimuulize baba mkwe jina lake! Nikawapa Mbozi mpira wa adhabu, halafu nikainamisha kichwa nikatazama nyasi, kana kwamba kuna kitu nimekiangusha pale. Baba mkwe alisimama kidogo ananiangalia, kisha akarudi nafasini kwake.

Kijana mmoja wa Mbozi akanijia juu, "Refa, we huoni?" Ala! Huyo nikamwita upesi, nikamuuliza jina, nikaliandika, nikamkaripia kwa sauti ya darasani. Kwa mtoto wa watu asiye mkwe wangu, ukali wote ulikuja. Watu walianza kunung'unika, na mama mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, wamekulisha nini hao wa Saza?" Nilisikia, nikajifanya kiziwi.

Wakati wa mapumziko Loti alinifuata na kibendera chake kwapani. Huyu Loti, nilisahau kukwambia, ndiye aliyekuwa mshenga wangu kwa akina Tabita, kwa hiyo yule beki alimfahamu vizuri.

"Yule mzee atamvunja mtoto wa watu," akasema.

"Yule ni mkwe, Loti. Nikimgusa, Tabita ndiyo basi tena."

Loti akamenya chungwa lake. "Mimi ndiye mshenga, ukiharibikiwa wewe nimeharibikiwa na mimi. Lakini filimbi haina wakwe, ndugu yangu."

Wahenga wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kipindi cha pili hakikwenda mbali. Simoni alipokea mpira pembeni, akaukokota, na baba mkwe akaruka na mabuti yote mawili, si kwenye mpira, kwenye mguu. Nilisikia mlio wa pigo lile nikiwa mbali. Simoni akapiga ukelele, akaanguka, na watu wa Mbozi wakaanza kuingia uwanjani. Wengine walikuwa na fimbo zao za kuchungia ng'ombe. Wachezaji wa Saza nao wakajikusanya.

Nilikwenda pale aliposimama baba mkwe huku nikimwona Tabita akilini. Namwona anaambiwa na mama zake, "Mchumba wako kamfukuza baba yako hadharani kama kuku jikoni." Naona ng'ombe wetu wanarudishwa, baba yangu amesimama mlangoni anawapokea kwa aibu. Nikasema moyoni, geuka, tazama nyasi tena. Lakini Simoni alikuwa analia chini na fimbo zinakaribia, na kama mwamuzi asingeamua, zingeamua fimbo.

Nilipofika mbele yake magoti yakakunjika. Sijui mpaka leo kama nilichuchumaa kwa adabu au kwa woga. Nikajikuta niko chini, macho kwenye yale mabuti, nikapiga makofi polepole kama anavyopigiwa mkwe. Nikasema, "Baba, nakuheshimu. Naomba utoke." Halafu, vile vile nimechuchumaa, nikanyoosha kidole kuelekea nje.

Loo! Waliokuwa na fimbo walisimama, hawajapata kuona kitu kama kile. Mimi nilikuwa nangoja teke. Mabuti yakatulia pale pale muda mrefu, kisha yakageuka, yakaenda zake nje ya mstari. Nilibaki nimechuchumaa hadi Loti alipokuja kunishika mkono kuniinua. Matokeo ya mechi usiniulize, sikumbuki nani alishinda.

Mguu wa Simoni, ashukuriwe Mungu, haukuvunjika, ila ulivimba, na kijana alichechemea mpaka mvua zikaanza. Baba mkwe alipanda lori, wakaondoka. Na nyumbani baba yangu akanipokea kwa maneno yake: "Wenzako wanawatolea wakwe mbuzi, wewe umemtoa mkwe mwenyewe!" Hakuwa anatania.

Siku zilizofuata ndizo zilizoniumiza zaidi kuliko mechi. Nafundisha hesabu, nakosea mimi, watoto wananisahihisha. Kila baiskeli inayotokea barabara ya Tunduma nadhani imenibebea habari mbaya. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilikuwa nimemwambia mtu toka kwa mdomo wangu mwenyewe, sasa nangoja zamu yangu. Mwisho habari ikaja kweli, kwa mfanyabiashara mmoja wa chumvi: "Wakwe zako wanakuita. Njoo na mshenga."

Tulikwenda mimi na Loti kwa baiskeli. Tulipofika tuliwakuta wazee wamekaa kwenye baraza, baba yake Tabita na huyo mdogo wake. Tabita alipita na mtungi wa maji, hakugeuza shingo upande wetu. Nikasema, yameisha. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, na makofi yenyewe hayalingani.

"Inua uso," akasema yule mdogo.

Sikuinua.

"Inua, leo nakuruhusu mimi." Ndipo nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira niliyoitegemea. Alikuwa na uso wa mtu aliyeumizwa. "Yule kijana wenu aliyekutolea maneno, ulimfanya nini?"

"Nilimwonya, baba."

"Na mimi nilipompiga yule winga mara ya kwanza, ulinifanya nini?"

Macho yangu yakarudi chini.

"Ulitazama nyasi," akasema. "Nami nikajua refa ameruhusu. Sikiliza, mwalimu. Kule mgodini, kabla mwamba haujalipuliwa, inapigwa kengele, watu watoke. Anapigiwa hata mtu tusiyesalimiana naye. Yule mtoto ulimpigia kengele. Mimi, baba mkwe wako, uliniacha niingie shimoni, halafu baada ya mlipuko ukaja kunipigia makofi. Hiyo ndiyo heshima yenu Mbozi?" Akashusha pumzi. "Kunitoa ulinitoa kwa haki. Ule mguu wa mtoto wa watu hauniachi nilale. Ninachodai kwako ni onyo langu. Liko wapi?"

Mwanangu, nililia. Mtu mzima mimi, mwalimu, nililia pale barazani. Nilidhani nimemheshimu nilipomkwepa, kumbe pale ndipo nilipomdharau.

Baba yake Tabita akakohoa, akatoa hukumu yake: nilete jogoo, faini ya onyo nililomnyima mdogo wake. Loti, mshenga kamili, akauliza kwa sauti ndogo, "Na Tabita, mzee?"

"Tabita atakwenda kwake, kwa mumewe," mzee akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini akikosea, mwambie siku hiyo hiyo. Usitazame nyasi mwaka mzima, halafu siku moja umnyooshee kidole umrudishe kwangu na mzigo wake kichwani. Na wewe ukikosea atakwambia. Tumemfundisha hivyo."

Na aliniambia, mwanangu, miaka yote tuliyoishi. Wakati mwingine mpaka nikachoka! Lakini hatukufikia hata siku moja pa kuonyeshana mlango.

Basi sikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo unalijua tangu shuleni, ila watu wengi huuona ufa wakanyamaza kwa sababu mwenye nyumba ni mkubwa, au ni rafiki, au ni wa kwao. Wanauita ukimya huo adabu. Si adabu, ni woga umevaa kanzu ya Jumapili. Siku ukikabidhiwa watu, iwe uwanjani, kazini, au nyumbani mwako, usimpe onyo mnyonge peke yake ukamnyima mkubwa. Mwite mapema, mwambie kwa upole, mpe nafasi ya kujirudi. Akikataa, mtoe, na umtoe kwa heshima yake yote, maana hata anayetoka nje bado ni baba wa mtu. Na ukionywa wewe usinune. Anayekuonya bado anataka mwendelee kucheza pamoja.

Mungu wa baba zetu akulinde, mwanangu. Akupe moyo wa kumwambia unayempenda ukweli ungali na faida, na akujalie watu watakaokupigia kengele kabla mwamba haujalipuka. Nawe ukiisikia, utoke.