Taa ya Injini Njiani Kutoka Homa Bay

Nilipofika Homa Bay kumchukua dada yangu mkubwa hospitalini, bandeji ilikuwa imetolewa asubuhi hiyo. Walikuwa wamemwondoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Muuguzi alimpa miwani myeusi, dawa ya matone, na roli ya plasta ya kubandikia kifuniko cha jicho wakati wa kulala. Akatuonya: vumbi lisimwingie, asiiname, asibebe kitu kizito. Dada aliitikia kila jambo kwa upole wa mtu asiye na nia ya kutii.

Ameolewa kisiwani Mfangano, na tangu zamani kazi yake ni kuanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Macho yalipoanza kufunga ukungu alizoea kututambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Sasa nilikuwa nampeleka kwangu Migori apumzike hadi apone.

Gari letu ni kuukuu. Lilizeekea Japani kwanza, ndipo likaletwa huku kuanza uzee wa pili. Taa ya injini ilikuwa imeshatusumbua sana, hata nikanunua kifaa kidogo cha kusoma makosa. Unakichomeka chini ya usukani, kinakuonyesha nambari ya kosa. Mume wangu hakigusi. Mimi nilijifunza kwa kutazama video jikoni, maharagwe yakichemka.

Tulipokaribia Rodi Kopany gari likaanza kutetemeka na kukosa nguvu, na ile taa ya njano ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ikiwaka moja kwa moja, unaweza kujikokota hadi kwa fundi. Ikipepesa hivyo, simama. Nikaegesha kando ya barabara, mbele kidogo ya soko.

"Limekufa?" dada akauliza.

"Halijafa. Linaumwa."

Nikachomeka kifaa. P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayotaja silinda, kwa hiyo silinda ya tatu haikuwa ikichoma mafuta vizuri. Sababu inaweza kuwa koili inayopeleka moto kwenye plagi, au plagi yenyewe, au petroli haifiki. Nikazima gari, nikahamisha koili ya tatu kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu. Kama koili ndiyo mbovu, kosa lingehama nayo. Nikafuta ile nambari, nikawasha, nikarudi mbele kusikiliza injini.

"Nambari ikitokea unisomee!" nilimwambia dada kwa mazoea, kama ninavyowaambia watoto. Kisha nikakumbuka ninasema na nani. Nikataka kumwambia aache, lakini alikuwa ameshavua miwani.

"Kuna herufi kama mwiko," alisema polepole. "Halafu sifuri. Tatu. Sifuri. Tatu."

Nikabaki na spana mkononi. "Rudia."

"Sifuri tatu sifuri tatu. Kwani masikio yako nayo yana ukungu?"

Nikaenda dirishani kuangalia. Ilikuwa vile vile alivyosoma. Nilipoinua kichwa, nikamkuta ananikazia macho kwa karibu, kwa muda mrefu.

"Nyaminwa, mdogo wangu," akasema, "una mvi!"

Tulicheka hadi machozi yakanitoka, nikamkataza asifikiche jicho lake.

Koili basi haikuwa na kosa. Nikazima tena na kuanza kufuata nyaya kwa vidole. Ule unaokwenda kwenye injekta inayopulizia petroli silinda ya tatu ulikuwa umetafunwa, umebaki kidogo tu kukatika, na kando yake palikuwa na nyasi kavu na vichwa vya omena. Panya. Huwa nambebea dada mzigo wake wa omena kwenye buti, na harufu ilikuwa imewaita.

"Kumbe wateja wangu wamefika hadi kwenye injini," alisema nilipomwonyesha.

Injini ilipopoa nikaumalizia waya kuukata, nikachuna ncha zake kwa kisu na kuzisokota pamoja. Tepu sikuwa nayo. Dada akanipa plasta ya hospitali. "Kata. Jicho moja halitamaliza roli nzima."

Nikafunga vizuri, nikafuta kosa, nikawasha. Mtetemo ulikuwa umekwisha. Nikangoja kidogo, kisha nikamwuliza anaona nini.

"Sioni kitu."

Nikakimbilia dirishani.

"Nambari hakuna," akaendelea. "Kioo ni safi."

Njia nzima kupitia Rongo alinisomea mabango: kinyozi, kanisa, duka la mbegu, kanisa jingine. Nilimwambia apumzishe jicho, akasema limepumzika vya kutosha. Kesho yake fundi alibadilisha ule waya, na tangu hapo omena hailali ndani ya gari.

Jioni ile tulipofika nyumbani, mume wangu alitoka kutupokea langoni. Dada alishuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Shemeji! Hivi ndivyo ulivyonenepa, na hakuna mtu aliyeniambia?"

Mume wangu akaingiza tumbo ndani, akachukua mfuko wa dada, tukaingia kula.