Mashine Namba Nne Inanuna

Kiwandani walimwita Bi Jedwali, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki, kisha akasoma kozi ya Jumamosi ya kutengeneza hifadhidata, akahamishiwa kwenye kompyuta. Tangu hapo kila jambo kwake lilikuwa na safu na mistari. Mumewe, fundi cherehani, aliwaonya wateja: "Mke wangu akija msimwambie kichwa kinawauma. Atawauliza kimeanza saa ngapi, na mwezi huu ni mara ya ngapi."

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa programu ya kuandika kila mashine inaposimama. Aliijenga kwa miezi minne. Kando ya kila mashine paliwekwa kompyuta ndogo. Mwendeshaji anachagua sababu kwenye orodha, anabonyeza, basi. Sababu zilikuwa ishirini na mbili, zote alizinakili kutoka kitabu cha mashine: "hitilafu ya mfumo wa haidroliki", "upungufu wa joto la silinda", na za namna hiyo. Mwishoni akaweka neno moja la akiba: "Nyingineyo".

Baada ya wiki tatu meneja alimwita, akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Bi Jedwali, hebu nisomee."

Mashine zilikuwa zimesimama mara mia tatu na arobaini. Kati ya hizo, mara mia tatu na kumi na mbili sababu ilikuwa Nyingineyo.

"Huyu Nyingineyo anatumalizia kiwanda," meneja akasema. "Tumfukuze kazi?"

Bi Jedwali alicheka, lakini moyo ulimshuka. Alihisi waendeshaji wamemsusia programu yake. Alirudi mezani akitaka kulifuta neno lile ili wakose pa kukimbilia, kidole kikawa tayari kwenye kibonyezo. Kisha akajiuliza: inawezekanaje watu wote hawa wawe wavivu kwa pamoja? Asubuhi iliyofuata alibeba kiti na daftari, akaenda kuketi kwenye mashine namba nne.

Mashine hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi aliyebakiza miaka miwili kustaafu, wote wakimwita Spana. Haikuchukua muda ikasimama.

"Mzee wangu, imekuwaje?"

"Inakohoa."

"Kukohoa ndiyo kufanyaje?"

"Sikiliza mwenyewe." Akaiwasha. Kweli, ikatoa kh, kh, kh, kama mtu aliyepaliwa. Hewa imeingia kwenye mafuta, Spana akaeleza. Siku nyingine inanuna, ndoo zinatoka zimepinda mdomo. "Na siku nyingine..." Akatazama pembeni. "Samahani, mwanangu. Siku nyingine inakojoa."

"Mafuta yanavuja?"

"Ndiyo hivyo."

"Sasa mbona huandiki?"

"Niandike wapi? Magonjwa ya kwenye orodha yako mimi sijawahi kuyaona."

Siku nne alizunguka mashine zote tisa, akarudi na maneno kumi na manne. Akaibomoa orodha na kuijenga upya. Mwendeshaji angeona "inanuna". Nyuma yake, kwenye jedwali jingine, lingekaa jina la kitabuni kwa ajili ya ripoti. Meneja alipofika kwenye "inakojoa" akakuna kichwa.

"Usijali, bosi," Bi Jedwali akamwambia. "Kwenye ripoti wageni wataona 'uvujaji wa mafuta'."

Mwezi uliofuata Nyingineyo ilitokea mara tisa tu, na majedwali yakaanza kusema. Namba nne ilinuna karibu kila Jumanne na Ijumaa, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku nyingine, shwari kabisa.

Spana hakukubali. "Mashine haijui Ijumaa."

Ijumaa wakaingoja pamoja. Saa nne na robo ndoo zikaanza kupinda. Bi Jedwali akatoka nje haraka kuangalia kuna nini saa hiyo. Uani, mama wa usafi alikuwa ameshika mpira wa maji, anaosha mbele ya ghala, kama afanyavyo kila Jumanne na Ijumaa, huku akiimba. Bi Jedwali akaufuata mpira kwa macho: ulitoka kwenye bomba lile lile linalopeleka maji ya kupoozea namba nne, ukiipunguzia maji.

"Mama, hebu funga kidogo."

Akafunga. Dakika chache baadaye Spana akachungulia dirishani, ndoo mkononi. "Imenyooka!"

Mama wa usafi akashika kiuno. "Kumbe mimi ndiye ninayeinunisha? Miaka mitano yote hii!" Walipokwisha kucheka, akasema hata yeye angependa kuosha saa kumi, jua likishapungua na mashine zikiwa zimezimwa kupisha zamu nyingine. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Wiki hiyo hiyo ratiba ikabadilishwa.

Ndoo za kutupwa zilipungua kwa nusu. Meneja hakutoa hotuba. Alimwomba tu Bi Jedwali ahamie kitengo cha vifuniko, ambako waendeshaji ni wanawake watupu na, kama alivyoonywa, midomo yao haina breki. Jumatatu saa moja kamili alikuwa mlangoni kwao, roho kwatu, na kalamu mbili mfukoni.